KUKAA KIVULINI: HABARI ISIYOMO KWENYE DAFTARI LETU



Habari za hisa, mikopo na sanduku letu la kufuli tatu mtazisoma kurasa nyingine. Mimi nimeombwa kuandika juu ya jambo ambalo mweka hazina hana safu yake: mama mwenye shida nyumbani alipataje mahali pa kuisemea.

Sheria ilikuwepo siku nyingi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Lakini nani aliisoma? Mama wa Igogo au Kirumba akipigwa alikwenda kwa wazee wa ukoo au kwa balozi wa nyumba kumi, na mara nyingi swali la kwanza lilikuwa: mumeo anajua umekuja hapa? Basi, anachukua kapu lake anarudi. Mwaka 1995 binti wa Ukerewe, Mama Getrude Mongella, alikuwa Katibu Mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake kule Beijing. Huku ziwani tulijivuna sana, ila Beijing ni mbali na Mwaloni.

Mwaka 1999 wanawake sita wakazi wa Mwanza wakaanzisha shirika la Kivulini. Jina hilo linatosha kueleza kazi yao. Kivulini, yaani chini ya mti, watu hukaa wakaongea, na hakuna anayeombwa barua ya utambulisho ili akae kivulini. Hawakungoja mama aje na jicho limevimba. Waliwafuata watu mitaani, wakaongea na majirani, viongozi wa mitaa, na akina baba pia. Mwanzoni wako waliosema eti hawa wanakuja kuvunja ndoa. Hata mimi nilisema, sifichi.

Baadaye wataalamu wa utafiti walitazama jambo hili hapa hapa Mwanza, ndani ya vikundi vya mikopo kama vyetu. Utafiti huo uliitwa MAISHA. Vikundi 66 vya akina mama vilishiriki, na nusu yake vilipewa vipindi kumi vya mazungumzo juu ya mapenzi, madaraka nyumbani na ukatili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2019: kipigo kilipungua kwa waliopata vipindi. Kwa ukatili wa kimwili tu lakini. Ule wa chumbani haukuonyesha tofauti ya wazi. Nadhani ule ni mgumu kusemwa hata mbele ya mashoga.

Sasa nije kwetu. Mwaka wa pili tulikuwa na mwenzetu mmoja, muuza dagaa, mwaminifu wa hisa. Akakosa mkutano mmoja, tukamtoza faini. Akakosa wa pili, faini. Wa tatu tukasoma jina lake kwa sauti mbele ya watu, na baadhi yetu tulicheka. Hakurudi tena. Baadaye tulisikia kwamba siku zile alikuwa amefungiwa ndani, na fedha za hisa ndizo zilikuwa chanzo cha ugomvi. Sisi tuliokuwa tunamwona kila wiki hatukumwuliza hata mara moja. Tulimwuliza fedha tu.

Tulibishana mikutano miwili. Mwenyekiti aliogopa wavivu watajificha humo, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Mwishowe tulikubaliana hivi: anayekosa anatembelewa kwanza na wenzake wawili, tena kwa kisingizio cha kawaida, kuazima ungo au kununua dagaa, ili mwenye nyumba asishtuke. Faini inajadiliwa baada ya hapo. Na kabla sanduku halijafunguliwa tunakaa nusu saa chini ya mwembe bila ajenda. Asiyetaka kusema anachambua mchele wake.

Miezi ya kwanza tulichambua mchele tu. Kisha siku moja mama mmoja akasema, "Jamani, mimi jana sikulala," na mweka hazina akairudisha funguo mfukoni.

Yule muuza dagaa tumemtembelea mara mbili. Mara ya pili alitukaribisha ndani. Nafasi yake sandukuni bado haijapewa mtu.