Kesi ya Pamba: Nani Alilipwa?

Tarehe 10 Juni 2003, Rais Blaise Compaoré wa Burkina Faso alihutubia wajumbe wa Shirika la Biashara Duniani mjini Geneva. Hakwenda kuomba msaada. Alisema kwa niaba ya nchi nne, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, akitaka ruzuku za pamba katika nchi tajiri ziondolewe hatua kwa hatua, na nchi maskini zinazolima pamba zifidiwe hadi ruzuku hizo zitakapokwisha.

Malalamiko yalikuwa na msingi. Katika msimu wa 2001/02 bei ya dunia ilishuka hadi takriban senti 42 za dola kwa ratili. Bei ikianguka hivyo, mkulima hupunguza shamba. Wakulima wa pamba wa Marekani, wapatao 25,000, hawakuhitaji kupunguza, kwa kuwa serikali ilikuwa ikiwajazia pengo. Sheria ya kilimo aliyoitia saini Rais George W. Bush Mei 2002 ikaukaza utaratibu huo kwa kuweka bei lengwa ya senti 72.4. Tena kulikuwa na malipo kwa viwanda na wasafirishaji ili wanunue pamba ya Marekani hata ilipokuwa ghali kuliko ya wengine. Na kwa sababu Marekani ndiyo iliyouza nje pamba nyingi kuliko nchi yoyote, ziada yake iliishusha bei ya kila mtu, awe Sikasso au Shinyanga. Oxfam ilikadiria kwamba mwaka 2001 Mali ilipokea kutoka Marekani msaada wa dola milioni 37, na ruzuku za pamba za Marekani hiyohiyo zikaipotezea milioni 43.

Ruzuku hazikuwa tatizo pekee. China, Ugiriki na Hispania nazo ziliwalipa wakulima wao, na mkulima wa Mali hakuwa na wa kumuuzia ila kampuni moja ya taifa. Lakini kampuni hiyo Bamako ingeweza kuirekebisha yenyewe. Bajeti ya Washington isingeweza.

Mkutano wa mawaziri ulifanyika Cancún Septemba mwaka huohuo. Rasimu ya makubaliano haikutaja fidia. Ilipendekeza nchi zinazotegemea pamba zisaidiwe kupanua uchumi wao kwa shughuli nyingine. Kwa maneno mengine, aliyekanyagwa mguu aliambiwa ausogeze. Mkutano ulivunjika tarehe 14, rasmi kwa ugomvi wa mambo mengine.

Brazil ilikuwa imechukua njia nyingine. Ilifungua kesi dhidi ya Marekani Septemba 2002, ikamtumia mchumi Mmarekani, Daniel Sumner wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliyekadiria kwamba bila ruzuku bei ya dunia ingepanda kwa asilimia 12.6. Benin na Chad zilishiriki kama wahusika wa pembeni. Brazil ilishinda mwaka 2004, na rufaa ya Marekani ikashindwa Machi 2005. Malipo yale kwa viwanda na wasafirishaji yakafutwa mwaka 2006, lakini mengi yakabaki. Mwaka 2009 Brazil iliruhusiwa kulipiza, ikatishia kutoza ushuru bidhaa za Marekani na hata kugusa hataza zake. Hapo ndipo Washington ilipoketi mezani: kuanzia 2010 iliilipa taasisi ya pamba ya Brazil dola milioni 147.3 kwa mwaka, kisha Oktoba 2014 ikaimaliza kesi kwa milioni 300. Mlipakodi wa Marekani akawa anawalipa wakulima wa nchi mbili.

Sheria za Shirika hilo ni zilezile kwa Brazil na kwa Mali, ila adhabu humwachia mshindi aitekeleze mwenyewe. Mali ingetoza ushuru bidhaa gani za Marekani, na nani Washington angehisi?

Desemba 2015 mawaziri walikutana Nairobi. Walikubaliana kuondoa ruzuku za kuuzia nje. Juu ya ruzuku za ndani za pamba, zile ambazo nchi nne zilizilalamikia miaka 12 kabla, waliandika kwamba bado kuna juhudi za kufanywa.