Kuonekana Katikati ya Bahari

Februari 2006, Robert Hewitt alizamia karibu na Kisiwa cha Mana, New Zealand, na mkondo ukamchukua. Hakuwa mgeni wa maji. Alikuwa mzamiaji wa jeshi la wanamaji kwa takriban miaka 20. Hata hivyo alielea kwa saa 75, akipelekwa huku na huku na maji, riziki yake ikiwa ni kile alichokuwa amekivua na kukitia kwenye mfuko wake, wakiwamo kamba koche. Waokoaji walikuwa wakimtafuta kwa boti na helikopta. Waliompata hatimaye walikuwa wanamaji wenzake wa zamani.

Kwa nini mtu anayetafutwa na vyombo vyote hivyo asionekane? Mzamiaji aliyeibuka amevaa suti nyeusi ya mpira, na kinachobaki juu ya maji ni kichwa tu, kama dafu lililotupwa baharini. Mawimbi ya nusu mita yanatosha kumficha asionwe na nahodha aliye karibu. Yeye mwenyewe anaiona boti vizuri, anausikia mwungurumo wa injini, anapiga kelele, na boti inageuka kwenda zake.

Vifaa vinavyotumika leo kuondoa balaa hilo vina historia ya ajabu kidogo: karibu vyote havikubuniwa kwa ajili ya wazamiaji. Wameviazima kwa mjane, kwa marubani wa vita, kwa mwamuzi wa mpira wa kikapu na hata kwa wanasiasa waliopotea.

Mjane huyo ni Martha Coston wa Marekani. Mumewe alifariki mwaka 1848 na kumwachia, miongoni mwa makaratasi yake, mipango ya fataki za rangi za kuwasiliana usiku kati ya meli na meli. Mipango hiyo haikufanya kazi. Coston alihangaika nayo karibu miaka kumi, akiwaajiri wakemia mmoja baada ya mwingine. Nyeupe na nyekundu zilipatikana, lakini rangi ya tatu ikamshinda. Mwaka 1858, New York iliposherehekea kebo ya telegrafu iliyovuka Atlantiki, aliziona fataki za sherehe angani na kuwaandikia watengenezaji wa fataki barua. Alitaka buluu, akaishia na kijani. Hataza ilitolewa mwaka 1859, ila mvumbuzi aliyetajwa ni marehemu, na mama aliyeifanya kazi akaandikwa kuwa msimamizi wa mirathi! Alisubiri hadi 1871 kupata hataza kwa jina lake. Wakati huo jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa limekwisha kuzitumia fataki zake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 1877 Edward Very akaleta bastola ya kurushia mwanga angani, ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Kwa mzamiaji, fataki ni mali yenye masharti. Baruti haipatani na maji wala na shinikizo la kina kirefu, na mtalii hawezi kuipandisha kwenye ndege. Kwa hiyo nyingi hubaki ndani ya boti, mahali ambapo aliyepotea hawezi kuzifikia.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyozaa vifaa vingi zaidi, maana marubani wengi walikuwa wakiangukia baharini. Oktoba 1942 ndege iliyombeba Eddie Rickenbacker, shujaa wa anga wa vita vilivyotangulia, iliishiwa mafuta juu ya Pasifiki. Yeye na wenzake walielea katika maboti madogo ya mpira kwa siku 24. Ndege zilipita zaidi ya mara moja bila kuwaona.

Dawa mojawapo ilikuwa kioo. Henry Mance, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Karachi, alikuwa ametengeneza mwaka 1869 chombo cha kupeleka ujumbe kwa miali ya jua. Sasa Wamarekani wakakipunguza hadi kikaingia mfukoni: kioo chenye tundu katikati, na ndani ya tundu hilo alama ya mwanga inayomwonyesha mwenye kioo ni wapi hasa mmuliko wake unapopiga. Siku ya jua kali, mmuliko huo huonekana kilomita nyingi. Hauhitaji betri, na bei yake ni ndogo. Mwandishi huyu akilazimishwa kuchagua kifaa kimoja cha mchana, atachagua hicho.

Dawa nyingine ilikuwa rangi. Fluorescein, iliyotengenezwa na mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer mwaka 1871, ilifungwa katika vifuko. Rubani alikipasua chake, na maji yakawa ya kijani king'avu kumzunguka. Na redio pia: Wajerumani walikuwa na kisambazaji cha kuzungusha kwa mkono, Waingereza wakakiteka, Wamarekani wakakiiga. Kile cha Marekani kilibanwa katikati ya mapaja huku mtu akizungusha mpini, na waya wa antena ulipandishwa angani kwa tiara.

Mwaka 1943, vita vikiendelea, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walikamilisha nchini Ufaransa kifaa kilichomwezesha mtu kupumua chini ya maji kutoka kwenye mtungi mgongoni. Hapo ndipo raia wa kawaida walipoanza kuzama kwa starehe, na kupotea.

Firimbi ilikuwa nao tangu mapema, lakini firimbi ya zamani ina kipira ndani, na kipira kikilowa hukwama. Aliyeutatua mkwamo huo ni Ron Foxcroft wa Kanada, mwamuzi wa mpira wa kikapu, ambaye kipyenga chake kilimsaliti uwanjani mbele ya maelfu ya watazamaji. Mwaka 1987 alikitoa kipyenga kisicho na kipira, cha waamuzi wenzake. Leo kinaning'inia kwenye jaketi za kuelea za wazamiaji wengi. Lakini injini ikiwa imewashwa, wa kukisikia ni nani?

Januari 1998 Wamarekani wawili, mke na mume, waliachwa kwenye miamba ya Great Barrier Reef, Australia. Boti ilirudi Port Douglas bila wao, na ilichukua siku mbili kabla ya mtu kutambua kwamba hawapo. Hawakupatikana. Baada ya hapo kanuni za kuhesabu wazamiaji ziliongezwa ukali, na wengi zaidi wakaanza kubeba ule mfuko mrefu mwembamba wa rangi ya machungwa ambao kwa utani huitwa soseji. Mzamiaji huujaza hewa akiwa bado chini, nao hupanda juu ukiwa umefungwa kwenye kamba, hivyo nahodha anajua mtu ataibuka wapi. Hiki angalau ni chao wenyewe. Nacho kina udhaifu: Mei 2008, katika miamba hiyohiyo ya Australia, wawili walipunga mfuko wao na boti haikuwaona. Walielea takriban saa 19.

Jicho la binadamu linapochoka, kuna setelaiti. Oktoba 1972 ndege iliyowabeba wabunge wa Marekani Hale Boggs na Nick Begich ilipotea Alaska. Ilitafutwa siku 39 bila mafanikio. Msukosuko uliofuata ulizifanya ndege zilazimishwe kubeba visambazaji vya dharura, na mwaka 1979 Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti, katikati ya Vita Baridi, zikakubaliana kusikiliza miito hiyo kutoka angani. Septemba 1982 watu watatu walioanguka na ndege huko British Columbia, Kanada, waliokolewa kwa msaada wa setelaiti ya Kisovieti.

Kwa mzamiaji, hata hivyo, setelaiti huenda mbali kutafuta aliye karibu. Mwito hupaa angani, hushuka kwenye kituo, hupelekwa kwa waokoaji, kumbe boti yake iko kilomita tatu tu. Mike Lever, nahodha Mkanada wa boti ya wazamiaji, aliliona hilo, akatengeneza redio ndogo yenye GPS inayostahimili kina cha mita 130. Toleo lake la baadaye hulionyesha eneo la aliyepotea moja kwa moja kwenye skrini za vyombo vilivyo jirani.

Skrini hizo ziko kwenye meli na boti kubwa. Katika Mkondo wa Pemba, ambako wazamiaji hubebwa na maji yaendayo kasi, chombo kilicho jirani huenda kikawa ngalawa ya mvuvi isiyo na redio yoyote. Aprili 2022, Mwingereza mmoja na Mfaransa mmoja waliopotea nje ya Mersing, Malaysia, walipatikana wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Waliowaona walikuwa wavuvi.