Hedifoni Gani? Jina Liseme Kikombe Kinakaa Wapi

Ukitaja kwacha pale Tunduma, watu wanaelewa fedha ya Zambia, iliyoanza kutumika 1968. Ukiitaja Isongole, wilayani Ileje, ambako ng'ambo ya mpaka ni Chitipa, wanaelewa fedha ya Malawi, iliyoanza 1971. Thamani zake haziko karibu hata kidogo, ndiyo maana mfanyabiashara anayezunguka mipaka yote miwili ya Mkoa wa Songwe hana budi kuongeza neno: ya Zambia, au ya Malawi. Hedifoni nayo ni jina linalodai nyongeza ya namna hiyo. Likiachwa peke yake, mnunuzi hajui anauziwa nini.

Kwenye vibanda vya vifaa vya simu maswali huwa mawili: za waya au za blututhi, na besi inapiga? Swali linaloamua raha na ubora wa sauti kwa pamoja ni nadra kulisikia. Kikombe kinakaa wapi?

Majibu ni matatu. Kuna hedifoni za kuingiza, zinazoishia ndani ya tundu la sikio. Kuna za kulalia sikio, ambazo sponji yake inakandamiza sikio lenyewe. Halafu kuna hizi kubwa, ambazo vijana wengi huziita za DJ: kikombe kinalizunguka sikio zima na uzito unatua kwenye fuvu. Jina la "kufunika masikio" halitoshi kuzitambulisha, kwa sababu za kulalia nazo zinafunika. Jina lisiloacha shaka ni hedifoni za kuzunguka sikio.

Tofauti hiyo si ya kupamba lugha. Sikio ni gegedu na ngozi nyembamba. Likibanwa kwenye fremu ya miwani kwa saa nzima, linauma. Kikombe kinachozunguka kinaliacha huru na kugawa mkandamizo kwenye eneo pana zaidi. Gharama yake ni joto. Katika nyanda za Ileje, asubuhi ya baridi, sponji nene juu ya masikio ni neema. Dar es Salaam mwezi wa Januari, sponji hiyohiyo ni jasho tupu. Uzito nao una neno lake. Sennheiser HD 600 ina gramu 260 hivi, AirPods Max ya Apple inakaribia 385, na shingo huitambua tofauti hiyo kabla filamu haijaisha.

Besi inategemea jinsi sponji inavyoziba. Spika ndogo iliyo ndani ya kikombe inasukuma hewa kidogo mno, na sauti nzito haijengeki hewa hiyo ikipata upenyo. Mkono wa miwani, nywele zilizosukwa, au ngozi bandia iliyoanza kubanduka: chochote kati ya hivyo kinatosha kuipunguza ngoma kabla ya kitu kingine chochote. Kipimo chake hakihitaji maabara. Vaa hedifoni, cheza wimbo wenye besi, kisha bonyeza vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikiongezeka ghafla, kulikuwa na upenyo, na muuzaji anayesifia ukubwa wa spika anasifia kisichohusika.

Kiswahili kina jina jingine, rasmi zaidi. Simu za Android zikiwekwa Kiswahili huandika "vipokea sauti vya kichwani". Jina hilo lina asili inayoeleweka. Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alipolipelekea Jeshi la Majini la nchi yake hedifoni zake mwaka 1910, wavaaji walikuwa waendeshaji wa redio, watu wa kutega sikio wanase ishara hafifu kutoka baharini. Kwao kupokea ndiyo kazi yenyewe. Kwa upande wa fizikia, hata hivyo, mambo yamegeuka. Kinachoingia kwenye hedifoni ni umeme. Katika nyingi za leo umeme huo unapita kwenye koili iliyo katika uga wa sumaku, kiwambo kinatikisika, na sauti inatoka. Anayeipokea ni sikio. Kama ni lazima jina litokane na kazi, basi hiki ni kitoa sauti. Bora kubaki na hedifoni, neno ambalo limeshakaa vizuri katika ngeli ya i-/zi- na halimpotoshi mwanafunzi.

Neno la pili la kuongeza linahusu mgongo wa kikombe, yaani upande wake wa nje. Mwaka 1968 Sennheiser ilitoa HD 414, yenye sponji za njano na mgongo ulio wazi, na wasikilizaji wakagundua muziki unaosikika kana kwamba uko chumbani, si ndani ya kichwa. HD 414 ililalia sikio. HD 600 inalizunguka, na mgongo wake ni wazi vilevile. Beyerdynamic DT 770 inalizunguka pia, ila mgongo wake umefungwa. Kwa hiyo mahali pa kikombe na hali ya mgongo ni mambo mawili mbalimbali, na maelezo kamili yanataja yote: hedifoni za kuzunguka sikio, mgongo wazi.

Kwenye foleni ya malori Tunduma, mgongo wazi ni hasara. Muungurumo wa injini unaingia moja kwa moja, na msikilizaji anapandisha sauti ili aushinde. Shirika la Afya Duniani linaona saa 40 kwa wiki zinatosha kwa sauti ya desibeli 80. Ikifika 90, zinabaki saa 4 tu. Kikombe kinachozunguka na kufungwa mgongo kinampa dereva nafasi ya kusikiliza kwa sauti ya chini. Teknolojia ya kuzima kelele, ambayo Amar Bose aliiwaza akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, inasaidia zaidi kwa muungurumo wa aina hiyo usiobadilika. Kwa honi na makelele ya wapiga debe haifui dafu.

Limebaki boksi. Karibu kila boksi limeandikwa 20–20,000 Hz, yaani masafa yote ambayo sikio la kijana linaweza kuyasikia, liwe la hedifoni ya bei ya chipsi mayai au ya mshahara wa mwezi. Bila kuambatana na desibeli zinazoonyesha sauti inapanda na kushuka kiasi gani kati ya ncha hizo mbili, namba hiyo haimwambii mnunuzi chochote. Yenye manufaa ni ile ya omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. HD 600 ina omu 300, na ikichomekwa kwenye simu ya kawaida huenda isipige kwa nguvu ya kutosha hata sauti ikipandishwa hadi mwisho. Mwenye simu tu atafute ya omu 32 au karibu na hapo.