Usukani wa Nchi Kavu: Madereva wa Masafa Marefu katika Historia Yetu

Mwanafunzi anayesoma historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika hufundishwa habari za reli ya TAZARA, na ni haki afundishwe. Huambiwa kuwa reli hiyo ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwamba ujenzi wake ulianza mwaka 1970 kwa msaada wa China, na kwamba ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Huenda akaelezwa pia juu ya bomba la mafuta la TAZAMA, lililofika Ndola mwaka 1968. Lakini akiuliza Zambia iliishije kabla ya bomba na kabla ya reli, aghalabu hapati jibu la kumtosha. Sehemu kubwa ya jibu hilo ni dereva wa lori, naye ndiye tunayekusudia kumzungumzia katika makala haya.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wa Rhodesia bila ridhaa ya Waafrika walio wengi. Wakati huo Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku chache. Reli yake ilielekea kusini, shaba yake ilipita mikononi mwa walowezi, na petroli yake ilitoka katika kiwanda cha kusafishia mafuta cha Umtali, mji ambao leo huitwa Mutare. Uingereza ilipoizuia Rhodesia kupata mafuta mwezi uliofuata, walowezi nao waliikatia Zambia. Mafuta yakawa ya kugawiwa kwa kipimo. Tanzania, ikifuata azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza mwezi huo huo wa Disemba. Ndege za Waingereza, za Wakanada na za Wamarekani zilivusha mapipa ya mafuta kwa njia mbalimbali, lakini ndege nayo hula mafuta, tena hula mengi. Nchi nzima haiwezi kuendeshwa kwa mapipa ya angani. Mzigo ukaiangukia barabara.

Na barabara yenyewe ilikuwaje? Kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na kutoka hapo hadi Lusaka ni mwendo mwingine wa kiasi kile kile au kuuzidi. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya udongo na changarawe. Yafaa msomaji atazame tena tarehe tulizozitaja: mafuta yalikatwa Disemba, yaani wakati mvua za nyanda za juu za kusini na za kaskazini mwa Zambia zimekwisha kuanza. Haba ya petroli na matope vilikuja pamoja. Lori lililozama lilingoja kuvutwa, na lililokuwa nyuma yake lilingoja pia, na watu walikata matawi wakayatandika chini ya magurudumu, wakasukuma, wakatandika tena. Kiangazi kilipoingia, matope yaligeuka vumbi, na dereva hakuweza kumwona mwenzake aliye mbele yake mpaka amkaribie mno. Wageni walioipita barabara hiyo waliipachika jina la Kiingereza lenye maana ya mbio za jehanamu. Wakati huu jina la wageni halikutia chumvi.

Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia zilishirikiana na kampuni ya Kitaliani kuunda kampuni ya kusafirisha mizigo kwa barabara hiyo, na malori ya Fiat yakawa mengi njiani. Pamoja nayo yalikuwapo magari ya watu binafsi, yakiendeshwa na Waafrika wa makabila mbalimbali, na Wasomali, na Kalasinga. Kwenda walichukua mapipa ya petroli na dizeli. Kurudi walichukua shaba ya kupakiwa melini. Hivyo ndivyo safari zilivyokuwa mpaka bomba lilipokamilika, na hata baada ya hapo shaba na bidhaa nyingine ziliendelea kupita. Walowezi walipoufunga mpaka wao na Zambia Januari 1973, reli ilikuwa bado inajengwa, na malori yakatwishwa tena mzigo wa ziada. Bahati njema, miaka ile ya mwanzo ya 1970 ndiyo barabara ilipokuwa ikipata lami.

Hatuna budi kusimama kidogo Kitonga. Asiyepafahamu na aelewe kuwa, baada ya Ruaha Mbuyuni, barabara inapanda ghafula ukingo wa nyanda za Iringa, ikijipindapinda kwenye ubavu wa mlima, huku upande mmoja ukiwa ni mwamba na upande wa pili ni bonde. Aliyepanda na mapipa alibeba moto mgongoni. Aliyeshuka na shaba alisukumwa na uzito wake mwenyewe. Dereva asiyejua kazi hukanyaga breki tangu juu. Breki hupata moto, hulegea, na afikapo katikati ya mteremko hana tena cha kukanyaga. Dereva anayejua hupunguza gia kabla ya kuanza kushuka, akaiacha injini yenyewe imshike, na mguu wake huiendea breki kwa nadra. Ni jambo dogo kulieleza kwa maneno. Kulitenda usiku, katika ukungu, baada ya siku kadhaa za usingizi wa kuibiaibia, ni jambo jingine, na wapo waliobaki bondeni pamoja na magari yao.

Ujuzi huo haukupatikana darasani. Ulipokewa na kijana aitwaye utingo, au taniboi kama wengine wasemavyo. Jina hili la pili lilitokana na kazi ya kuzungusha mpini wa chuma uliowasha injini za zamani. Mpini ulitoweka, jina likabaki. Utingo alifunga turubai, alibadili tairi, alilala juu ya mzigo ili usiibwe, na katika mlima alitembea nyuma ya gari akiwa na jiwe au gogo mkononi, tayari kulitia chini ya gurudumu gari likianza kurudi nyuma. Alikuwa mwanafunzi asiye na kitabu wala cheti. Siku alipopewa usukani, mahali tambarare na kwa mwendo mfupi, ndipo alipojua kuwa mwalimu wake amemkubali.

Tumetaja usukani. Wenzetu wa pwani wanajua kuwa neno hilo ni la chombo cha baharini: usukani ni ule ubao wa tezini unaoongoza jahazi. Shehena nayo ilikuwa ya jahazi, na nauli ililipwa kwa nahodha. Gari lilipokuja, Waswahili hawakuona sababu ya kutunga maneno mapya. Walimkabidhi dereva msamiati wa baharia, naye akaupeleka hadi mahali ambapo watu hawajapata kuiona bahari. Kwetu sisi tunaopenda lugha, huu ni ushahidi mzuri kuliko hotuba nyingi kwamba kazi hii ni urithi wa kazi za kale. Njia za bara nazo zilikuwa na mabingwa wao: wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliofuata nyuma ya kirangozi na kujivunia uzito wa mizigo yao.

Madereva walijitungia pia lugha isiyo ya sauti. Gari lililoharibika kwenye kona hutanguliwa na matawi mabichi yaliyowekwa barabarani kwa mwendo, na kila apitaye huelewa, awe Mhehe, Mbemba au Msomali. Dereva wa lori anayefuatwa na gari dogo huwasha taa ya kushoto kumwambia kuwa njia ni nyeupe, apite. Akiwasha ya kulia, maana yake ni angoja, kuna gari linakuja. Mtu ampa roho yake mtu asiyemjua, kwa taa moja tu! Na nyuma ya bodi husomwa maneno, kama yasomwavyo kwenye kanga: dua, mafumbo, vijembe, na methali kama ile ya usisafirie nyota ya mwenzio. Tumewahi kuona ile ya haraka haraka haina baraka ikitupita kwa kasi ambayo hatukuweza kuisoma hadi mwisho. Tuliimalizia kwa kuikumbuka.

Kando ya barabara maisha yalichipua. Vituo vya kulala vikawa miji, Makambako ukiwa mfano mmoja. Wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni na wa nyanya wa Ilula wakapata soko mlangoni pao. Mama lishe wakasomesha watoto kwa sahani za wali na maharage. Huko Tunduma mpaka uliochorwa na wakoloni uliwagawa Wanyamwanga, lakini Kiswahili kinavuka kwenda Nakonde bila hati ya kusafiria.

Yapo pia ya kuhuzunisha. Baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini mwaka 1983, huko Kagera, na maradhi kuenea, vidole vingi vilielekezwa kwa dereva. Kwamba maradhi yalisafiri na watu barabarani hapana shaka. Lakini walionyosha vidole hawakuuliza ni nani aliyemweka mtu huyo mpakani siku kadhaa akingoja karatasi, mbali na mkewe, pasipo na choo wala kitanda, kisha akamshangaa kwa kutafuta pa kulala. Mtu aliyeitwa mkombozi mwaka 1966, kama aliitwa, aliitwa mbeba maradhi miaka ishirini baadaye, na katika majina yote mawili hakuna aliyekaa akamsikiliza. Waliozijua safari za mapipa sasa ni wazee, wengine wamekwisha kututangulia. Mwalimu wa Mafinga, wa Mbeya au wa Morogoro angali anaweza kuwatuma wanafunzi wake, wakiwa na daftari, kwa mzee mmoja wa mtaani.

Tumeipita njia hiyo mara nyingi. Ukiwa umekwisha kuupanda mlima wa Kitonga na kuiacha Ilula, kabla ya kuingia Iringa mjini, unafika Lugalo, ambapo Agosti 1891 Mkwawa na Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani. Upo hapo mnara ambao Wajerumani waliwajengea askari wao walioanguka. Wa dereva hatujauona, si hapo wala Kitonga. Malori hupita karibu na mnara huo usiku na mchana, yakibadili gia, yakielekea Tunduma.