Khatti ya Thelathini Baina ya Kasese na Bwera

Msafiri atokaye Kasese kwenda kusini, akiisha kuipita njia panda ya Kikorongo iendayo Bwera na Mpondwe, huzikuta duara mbili za saruji kando ya barabara, na aghalabu husimama akapigwa picha, mguu mmoja ukiwa kaskazini ya Ikweta na wa pili kusini. Ni wachache wajuao kwamba jirani na hapo hupita khatti nyingine, longitudo ya digrii 30 mashariki, ambayo kwa ajili yake wapimaji walikuja mwaka 1908 kutafuta namna dunia ilivyopinda.

Mas'ala yenyewe ni ya kale. Katika karne ya 9 Khalifa al-Ma'mun wa Baghdad aliwatuma wanafalaki wake uwandani Sinjar wakapime urefu wa digrii moja ya dunia, na mwaka 1735 Wafaransa walifunga safari ya Quito kwa haja iyo hiyo. Dunia si tufe kamili, bali imebonyea kwenye ncha na kutuna kiunoni, hata digrii moja ya latitudo, iliyo kilomita 111.7 karibu na ncha, huku kwetu ni kilomita 110.6 tu, kwa kuwa hapa tao la kutoka kaskazini hadi kusini limepinda zaidi.

Mwaka 1879 David Gill, mwanafalaki wa Cape, alitoa shauri kwamba lipimwe tao moja kutoka kusini ya Afrika hata Misri. Sehemu ya Uganda iliwaangukia Kapteni E. M. Jack na G. T. McCaw, pamoja na Mbelgiji Dehalu. Katika bonde la Semliki waliupima mstari wa msingi kwa invari, aloi ambayo joto haliirefushi ila kidogo mno, kisha wakaunga pembetatu kwa pembetatu, kilima hata kilima. Mtu alikaa kileleni na kioo mkononi, akiurudisha mwanga wa jua kwa mwenzake aliye mbali, naye mwenzake, jicho kwenye darubini ya kupimia pembe, akingoja ukungu wa Rwenzori ufunuke. Na mlima huohuo, kwa uzito wake, huivuta timazi isisimame wima, basi ikawapasa kuhadhari hata na uzi wenye risasi.

Upindo, kwa hakika, haupimwi wenyewe. Hupimwa urefu, upindo ukatolewa kwa hesabu. Kanuni hiyo ingali hai leo: mhandisi atakaye kujua boriti ya daraja imepinda kiasi gani huibandika nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, akapitisha nuru ndani yake, upande uliovutika huirudisha nuru kwa rangi iliyohama kidogo huku, na upande uliobanwa kwa rangi iliyohama kule, na tofauti ya hizo mbili ndiyo imwambiayo upindo.

Lakini kwa watu wa wilaya hii khatti ile ilikuwa na uzito mwingine, kwani mikataba ya karne ya 19 ilikuwa imeifanya mpaka wa Kongo kabla ya mtu yeyote kujua kwa yakini inapita wapi. Lau ingefuatwa kama ilivyo, Kasese ingebaki Uganda, na Bwera, Katwe na vilele vya Rwenzori vyote vingekuwa Kongo. Wapimaji walipoionyesha mahali pake, wakubwa walilazimika kupatana upya, na kwa mapatano ya Brussels ya tarehe 14 Mei 1910 mpaka ukapitishwa kilele cha Margherita na kuteremka na mto Lubiriha. Bakonzo, wenye mlima, wakagawanywa pande mbili pasipo kuulizwa, na hilo, kwa rai yangu, ni dhuluma ambayo usahihi wa vyombo hauifuti.

Tao zima lilikamilika mwaka 1954, Wamarekani walipoliziba pengo la Sudani. Na ramani za Uganda za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, jina lililotokana na tao hilo.