Uchezeshaji: Istilahi na Kiambishi Chake

Katika Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya watengenezaji programu ulioanzishwa 2008, jibu lako likipata kura ya kuungwa mkono unaongezewa pointi 10. Muulizaji akilikubali, 15 nyingine. Pointi zikilimbikizana unapewa madaraka, hata ya kuhariri maandishi ya wenzako, na kwa matendo maalumu unavishwa beji. Hulipwi hata senti, ila unaonekana umemzidi nani.

Mbinu hii ya kupachika pointi, beji, ngazi na ushindani kwenye shughuli isiyo mchezo, wataalamu huiita gemifikesheni. Tuiiteje kwa Kiswahili?

"Uingizaji wa michezo" unapotosha. Hakuna mpira unaopigwa wala kete zinazosogezwa. Kilichoingizwa ni ubao wa matokeo tu. "Gemifikesheni" nayo haimpi msikilizaji fununu yoyote. Napendekeza uchezeshaji.

Neno hili linatokana na cheza, likaongezewa kiambishi cha kusababisha: chezesha. Hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa anayecheza ni mmoja na anayechezesha ni mwingine. Refa huchezesha mechi bila kugusa mpira. Anayechezesha upatu huwa na hesabu zote mkononi, wenzake wakitoa fedha. Mtandaoni pia, mwenye jukwaa ndiye anayeamua kipi kihesabiwe, na kinachohesabiwa ndicho watu hukifanya.

GitHub, jukwaa ambako watengenezaji programu huhifadhi kazi zao na kushirikiana, inatupa ushahidi. Ukurasa wa kila mtumiaji ulikuwa ukionyesha mfululizo wa siku alizochangia kazi bila kukosa hata moja. Mei 2016 hesabu hiyo iliondolewa. Watafiti Lukas Moldon, Markus Strohmaier na Johannes Wachs walilinganisha kumbukumbu za kabla na baada yake. Mifululizo mirefu ilipungua, kazi za wikendi zikapungua, na siku zenye mchango mmoja tu zikapungua pia. Kwa hiyo wapo waliokuwa wakigusa kazi Jumapili ili tarakimu isirudi sifuri, si kwa sababu kazi iliwaita.

Beji nazo hazitofautiani sana. Utafiti uliotolewa 2013 kuhusu Stack Overflow ulionyesha kwamba mtu hukaza mwendo anapoikaribia beji, na akishaipata hulegea.

Atakayepinga atasema uchezeshaji tayari ni kazi ya refa. Ni kweli, lakini muktadha hutenganisha: uchezeshaji wa mechi ni mmoja, uchezeshaji wa watumiaji ni mwingine. Tena undugu huo una faida. Mwambie mtu kwamba programu yake ina gemifikesheni, ataitikia kwa kichwa. Mwambie "unachezeshwa", atauliza papo hapo: na nani? Istilahi inayomfanya mtumiaji aulize swali hilo inastahili kuingia kamusini.