Paka wa Nyumba: Mnyama, Neno na Utulivu wa Moyo katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Historia ya Kolwezi, na ya ukanda wote wa shaba wa Lualaba, imezoeleka kuandikwa kwa hesabu za tani na za vibarua. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji wa Kolwezi ukaanzishwa mwaka 1937, na masimulizi makubwa yamejaa migodi, matanuri na reli. Nyumba ya mfanyakazi hutajwa kwa idadi ya vyumba vyake. Paka aliyelala karibu na mbabula hapati hata mstari mmoja. Hata hivyo mnyama huyu ana umri mkubwa kuliko kampuni yoyote. Swali linaloulizwa siku hizi na wataalamu wa afya ya akili, yaani kama paka humsaidia mtu kubeba mawazo yake, huwa wazi zaidi endapo historia hiyo itatazamwa kwanza.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa nyumbani wa dunia nzima wanatokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu. Katika kisiwa cha Kupro liligunduliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500 iliyopita, ambamo mtu na paka walizikwa karibu karibu. Habari zake zilitangazwa mwaka 2004. Kwa kuwa kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, ni dhahiri kwamba kuna aliyemvusha bahari. Utafiti mwingine wa mwaka 2017, ulioongozwa na Claudio Ottoni, ulifuata mifupa ya kale na kubainisha kwamba paka wa Misri naye alisambaa kwa njia za biashara, hasa za majini. Kiini cha uhusiano huu ni ghala. Binadamu alipoanza kuweka nafaka, panya walikuja. Walipokuja panya, paka aliwafuata. Hakukamatwa akafungwa kamba kama ng'ombe, bali alijileta mwenyewe, na mpaka leo mwenendo wake ni wa mgeni anayejua kwamba mlango uko wazi.

Ama kuhusu jina lake, lugha zenyewe zinasimulia safari mbalimbali. Neno paka la Kiswahili lina ndugu yake katika Kichewa, mphaka. Kilingala husema niawu na Kikuyu nyau, maneno yaliyoigwa kutoka kwa mlio wa mnyama mwenyewe. Kibemba kina pushi, umbo ambalo masikio hayawezi kulitenga na poes la Kiafrikaans wala na neno la Kiingereza la kumwitia paka. Nalo linaelekeza kusini, kwenye njia za vibarua. Yafaa ikumbukwe kwamba katika miaka ya mwanzo ya migodi ya Katanga wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, na kwamba Kiswahili cha huku kilikomaa kikiwa bega kwa bega na Kibemba. Mtoto wa Kolwezi anayemwita paka wake amesimama penye njia panda ya biashara ya pwani, uhamiaji wa kusini na sauti ya mnyama.

Pwani yenyewe ilikuwa na mitazamo miwili. Mapokeo ya Kiislamu yanamhesabu paka kuwa si najisi, na sahaba mashuhuri Abu Huraira anabeba paka katika jina lake. Upande wa pili ipo ngano ya Sultani Majnuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wake wa ngano za Waswahili: paka anayesamehewa kila kosa kwa kuwa ni wa sultani, mpaka anageuka nunda mla watu. Kati ya ncha hizo mbili imesimama methali isemayo kwamba paka wa nyumba haingwa. Bara la Kongo lina hofu zake pia. Paka aliaye usiku juu ya bati huhusishwa na uchawi sehemu nyingi, na si ajabu mwenye kumfuga mweusi akatazamwa kwa jicho la pembeni.

Katika makambi ya kampuni, jambo lililompa paka nafasi lilikuwa posho. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao. Pamoja na mshahara walipewa chakula, na unga wa mahindi ukiwa ndio msingi. Posho ilitawala maisha kiasi kwamba katika Kilingala neno poso limekuwa jina la wiki: siku zilihesabiwa kutoka mgao hadi mgao. Lakini gunia la unga ndani ya nyumba ni mwaliko kwa panya, na kwa mama wa Musonoi, Luilu au Kapata paka alikuwa mlinzi wa chakula cha watoto kabla ya kuwa rafiki wa mtu yeyote. Methali nyingine inasema kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Kambi ilimtaka kwa sababu hiyo hiyo.

Kisha ghala lenyewe likapungua. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980; mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, na kufikia mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50,000. Mishahara ilichelewa kwa miezi mingi. Mwaka 2003, chini ya mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka kazini, na mpango huo ukaitwa kuondoka kwa hiari, jina ambalo wengi wao hawakulikubali. Mwanamume aliyezoea king'ora cha zamu alijikuta asubuhi kibarazani bila pa kwenda.

Hapa lugha inastahili kusikilizwa tena. Kwa wasemaji wa Katanga, kusema kwamba mtu "iko na mawazo" si kumsifu kwa fikra zake. Ni kusema kwamba ana mzigo unaomnyima usingizi. Mawazo limekuwa hata jina la kupewa mtoto. Lugha ilikuwa na neno la ugonjwa huu zamani sana kabla ya kliniki.

Tiba ya kitaalamu nayo ilifika kwa mnyama mapema kuliko inavyodhaniwa. Nyumba ya wagonjwa wa akili ya York, Uingereza, iliyofunguliwa mwaka 1796, iliwawekea wagonjwa wanyama wadogo uani. Florence Nightingale aliandika mwaka 1860 kwamba mnyama mdogo ni mwenzi mwema wa mgonjwa wa muda mrefu. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu kimoja cha Marekani waliwachunguza wanafunzi 249: waliowapapasa paka na mbwa kwa dakika 10 walionekana kupungukiwa na homoni ya msongo katika mate yao. Matokeo hayo ni ya dakika chache, si ya miaka, na hayamgeuzi paka kuwa daktari. Mwenye huzuni isiyoisha huhitaji kituo kama kile cha Joseph Guislain mjini Lubumbashi. Faida ya paka ni ya namna nyingine. Anadai kulishwa saa ile ile kila siku, na kwa mtu aliyepoteza zamu, dai hilo dogo ni ratiba.

Anayetaka kuchukua mtoto wa paka na ajue kwamba mazoea na binadamu hujengwa hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7, kwa kushikwa na kusemeshwa angali na mama yake. Kumwachisha kabla ya wiki ya 8 ni haraka mno. Chanjo ya kichaa cha mbwa inamhusu yeye pia, na mjamzito asishike kinyesi chake.

Zaidi ya hayo, paka hushikamana na mahali kuliko mbwa. Akihamishwa hufungiwa ndani wiki mbili au tatu, la sivyo hurudi alikotoka. Huko Kasulo, ambako madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, mamia ya familia zilihamishwa mwaka 2017. Nyumba zikabomolewa, na eneo likazungushiwa ukuta.